Somo: Kofia ya kroshia ya mtoto mchanga, tunaanzia utosini

Karibuni. Nimechagua kofia kwa sababu baridi ya Juni na Julai kule Njombe na Mufindi haichagui mkubwa wala mdogo, na kichanga hupoteza joto jingi kupitia kichwani. Pia ni kazi ya jioni moja au mbili, hata kwa anayeanza.

Andaa uzi laini wa unene wa kati (gramu 50 zinatosha na kubaki), kroshia namba 4 (sindano yenye ndoano, ya mm 4), mkasi, sindano butu ya tundu kubwa na futi ya cherehani. Kabla ya kununua uzi, usugue shavuni au chini ya kidevu. Ukikuwasha wewe, mtoto atalia nao.

Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake huwa karibu sm 34 au 35. Kofia tunaifuma ndogo kidogo, sm 31 hivi, maana kroshia huvutika.

Kitanzi tutakachotumia ni kirefu. Zungushia uzi kwenye kroshia mara moja, ingiza kroshia, vuta uzi: utakuwa na vitanzi vitatu juu ya kroshia. Vuta uzi upite kwenye viwili, kisha uvute tena upite kwenye viwili vilivyobaki. Jizoeze hapo mpaka mkono ulegee.

Sasa kazi yenyewe. Fuma mnyororo wa vitanzi 4, uunganishe uwe pete. Panda juu kwa mnyororo wa 3 (huo unahesabika kuwa kirefu cha kwanza), halafu fuma virefu 11 ndani ya pete. Jumla 12. Funga kwa kuunganisha na kichwa cha ule mnyororo. Kila mzunguko utaanza na kufungwa hivyo hivyo.

Mzunguko wa pili, weka virefu viwili katika kila kitanzi: 24. Wa tatu, kimoja, kisha viwili pamoja (yaani viwili ndani ya kitanzi kimoja), hivyo hivyo mpaka mwisho: 36. Wa nne, kimoja, kimoja, viwili pamoja: 48.

Simama hapa uhesabu, tafadhali. Kofia ya kwanza niliyomfumia kifungua mimba wangu sikuhesabu. Nilikuwa nikiongeza kwa kukisia, na nilipomaliza ilimfunika macho mpaka puani. Niliifumua yote usiku ule, naye amelala pembeni yangu. Tangu hapo nafunga kipande cha uzi wa rangi nyingine mwanzo wa kila mzunguko, na siendi mbele kabla hesabu haijatimia.

Laza duara mezani. Upana wake uwe karibu sm 10 na lilale bapa. Likiwa na mawimbi pembeni, umezidisha vitanzi. Likijikunja kama bakuli, umepunguza, au unakaza sana mkono.

Kuanzia wa tano usiongeze tena: kirefu kimoja juu ya kimoja, 48 kila mzunguko, mpaka kutoka utosini hadi ukingoni ipatikane sm 13. Malizia kwa mizunguko miwili ya vitanzi vifupi (ingiza kroshia, vuta uzi, kisha uvute tena upite kwenye vyote viwili) ili ukingo ushike.

Mikia ya uzi ichomeke kwa sindano, uende mbele na kurudi nyuma. Ule wa mwanzoni uzungushe kwenye pete na uvute, tundu la utosini lifunge. Uzi unaoning'inia ndani ni hatari, unaweza kumzonga mtoto kidole. Na vifungo au shanga usiweke kabisa kwa mtoto wa umri huu.

MASWALI YENU

*Shikamoo dada. Wangu ana miezi mitatu, kichwa sm 40. Nifanyeje?*
Marahaba mdogo wangu. Baada ya 48 ongeza mzunguko mmoja: virefu saba, kisha viwili pamoja. Utapata 54, na urefu uufikishe sm 15.

*Nimeipiga pasi ikanyooka lakini imelegea na inang'aa.*
Pole sana. Huo ni uzi wa akriliki, joto la pasi huuyeyusha na haurudi. Siku nyingine fua kwa maji ya uvuguvugu, kamua ndani ya taulo, uianike ikiwa imelazwa.

*Mimi ni baba, natumia mkono wa kushoto. Nikifuata picha najikuta kinyume.*
Hongera baba! Hesabu ni zile zile, ila wewe mizunguko yako itaelekea upande wa pili. Weka picha mbele ya kioo uitazame humo.

*Alale nayo usiku?*
Hapana, mama. Mkiwa ndani na nyumba ina joto, mvue. Ikishuka usoni itamziba pumzi, na mtoto mchanga hutoa joto la ziada kupitia kichwa. Mvalishe mnapotoka asubuhi kwenda kliniki.