Wakili, ukitaka kuhudumia statapu anza na jedwali la hisa

Mawakili wengi vijana wa Nairobi na Dar wanaotaka kuingia kwenye kazi za statapu, yaani kampuni changa zinazotafuta wawekezaji, wanadhani siri ni kuwa na mikataba mizuri ya kukopi. Jamani mikataba iko bure mtandaoni. SAFE yenyewe, mkataba wa mwekezaji kutoa pesa sasa na kupata hisa baadaye, Y Combinator, kampuni ya Marekani inayolea statapu, waliitoa 2013, wakaja na toleo jipya 2018, ni kurasa chache tu na mtu yeyote anaipakua. Kazi yako wewe ni hesabu ya jedwali la hisa, yaani nani ana asilimia ngapi ya kampuni, na kuhakikisha mwanzilishi ameielewa hiyo hesabu kabla hajasaini, sio baada.

Kwanza kabisa jua mteja wako ni nani. Watakuja vijana wawili watatu waliosoma pamoja chuo, wanakuita "wakili wetu", na kila mmoja anaamini uko upande wake. Andika kwenye barua ya makubaliano ya kazi kwamba unawakilisha kampuni, na mwenye jambo lake binafsi atafute wakili wake. Fanya hivyo mapema wakiwa bado wanaelewana, maana wakishakosana utajikuta huwezi kumwakilisha hata mmoja.

Halafu kusanya karatasi kabla hujaandika chochote. Kampuni ya Kenya, toa CR12 mpya, ile hati ya Msajili inayoorodhesha wakurugenzi na wenye hisa, ya Tanzania pata taarifa zake BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kisha linganisha na wanachokuambia kwa mdomo, utashangaa. Kuna mtu aliondoka zamani na bado ana 30% zake, kuna binamu aliahidiwa 5% kwa meseji ya WhatsApp. Hizo ahadi usizidharau hata kidogo, ziulizie moja moja, kwa sababu zitafufuka siku pesa ikikaribia kuingia. Na kama waanzilishi hawana mkataba wa hisa kuiva kidogo kidogo, yaani mtu anazipata kadiri anavyoendelea kufanya kazi, waandikie sasa. Kawaida ni miaka 4, na mtu akiondoka kabla mwaka wa kwanza haujaisha haondoki na kitu. Pia kila aliyeandika msimbo (code) wa programu, awe mwajiriwa au kibarua wa wiki mbili, asaini karatasi ya kuhamishia haki kwenye kampuni, mwekezaji makini lazima ataiulizia.

Sasa hesabu. Chukua kampuni iliyochukua SAFE tatu za lile toleo la 2018: dola 100,000 kwa kepu (thamani ya juu ya kampuni inayotumika kukokotoa hisa za mwekezaji) ya milioni 2, halafu dola 150,000 kwa kepu ya milioni 3, halafu dola 400,000 kwa kepu ya milioni 4. Mwanzilishi anaona kepu inapanda anafurahi. Lakini gawa pesa kwa kepu: ya kwanza ni 5%, ya pili 5%, ya tatu 10%, na kwenye toleo hili wenye SAFE hawapunguzani wao kwa wao, yaani hiyo 20% yote inatoka mfukoni kwa waliokuwa na hisa tangu mwanzo. Wamebaki na 80%. Akija mwekezaji wa raundi kubwa, yaani awamu ya kuuza hisa mpya kwa wawekezaji, akitaka 20%, na fungu jipya la hisa za wafanyakazi la 10%, ile 80% inazidishwa kwa 0.7, wanabaki na 56% ya kugawana wote. Fungua Excel mbele yao, waache wabadilishe namba wenyewe. Wengi hawajawahi kuonyeshwa hivi na ndio maana wanasaini tu.

Kwenye barua ya masharti ya raundi yenyewe kuna vipengele vingi, ila ukiwa na muda mfupi nenda kwanza kwenye haki ya mwekezaji kulipwa kwanza kampuni ikiuzwa. Mwekezaji ameweka dola milioni 1 akapata 20%, kampuni inauzwa milioni 3. Kama haki yake ni mara moja bila kushiriki tena, atachukua milioni yake, kwa sababu 20% ingempa 600,000 tu, na wengine wanagawana milioni 2. Kama anashiriki, anachukua milioni yake kwanza halafu 20% ya kilichobaki, jumla milioni 1.4. Neno moja limehamisha dola 400,000! Kataa hilo neno kwa nguvu zako zote. Baada ya hapo angalia viti vya bodi na orodha ya mambo yanayohitaji idhini ya mwekezaji, kama kuajiri mtu wa kawaida kunahitaji idhini hiyo orodha ni ndefu mno.

Kuhusu kuhamisha kampuni mama kwenda Delaware, jimbo la Marekani, wawekezaji wa Marekani wanaipenda sana ila usikubali haraka haraka kisa kila mtu anafanya. Muulize mwekezaji kama ni lazima, tafuta wakili wa Marekani kwa sheria za kule, na mtu wa kodi wa hapa, maana kubadilishana hisa za hapa kwa za kampuni ya Delaware kunaweza kuleta kodi ya faida ya mtaji ambayo Kenya ilipanda kutoka 5% hadi 15% Januari 2023. Na ukishahamia, weka tarehe 1 Machi kwenye kalenda, ndio siku ya kulipa kodi ya Delaware. Kampuni yenye hisa 10,000,000 zilizoidhinishwa inaweza kuletewa bili ya dola 85,165 na mwanzilishi akazimia, kumbe kuna njia ya pili ya kukokotoa, ya mali na thamani ya hisa, ambayo kwa kampuni changa mara nyingi inashuka mpaka kima cha chini cha dola 400, na ada ya ripoti dola 50.

Pesa ikishaingia usipotee. Kama hisa zimetolewa na kampuni ya Kenya, peleka taarifa kwa Msajili ndani ya mwezi mmoja, toa vyeti vya hisa, rekebisha rejesta ya wamiliki halisi, kisha mtumie kila mwanzilishi jedwali jipya la hisa na kila mmoja akujibu kwa maandishi kwamba ameliona na anakubali asilimia zake.