Umeumia kwenye ajali ya barafu Minnesota: jinsi ya kudai mafao ya No-Fault

Dereva aliyeteleza peke yake kwenye barafu nyeusi, ile nyembamba isiyoonekana juu ya lami, akaingia mtaroni na kuvunjika mkono, ana haki ya kulipiwa matibabu na sehemu ya mshahara hata kama kosa ni lake mwenyewe. Ndivyo ilivyo sheria ya No-Fault ya Minnesota tangu 1975: majeraha hulipwa kwanza na bima ya gari ya majeruhi, bila kuuliza nani kamgonga nani. Kiwango cha chini ni dola 40,000 kwa kila mtu aliyeumia: dola 20,000 za matibabu, na dola 20,000 nyingine za mshahara uliopotea, kazi za nyumbani na, ikibidi, mazishi.

Gari lenyewe ni habari nyingine. No-Fault hailipi bodi wala injini. Ukiteleza peke yako na huna kipengele cha Collision, kinacholipia gari lako likigonga kitu, kwenye bima yako, gharama za gari ni zako.

Kabla barafu haijayeyuka

Ushahidi wa ajali za barafu haudumu. Saa moja baada ya tukio, magari ya Idara ya Uchukuzi yanaweza kuwa yameshapita na chumvi ya kuyeyusha barafu, au jua limetoka. Kama uko salama, piga picha za uso wa barabara kwa karibu, alama za matairi, mahali kila gari lilipoishia, na sahani za namba. Andika saa kamili. Halijoto nayo ina maana: chini ya nyuzi 15 za Fahrenheit, yaani kama -9 za Selsiasi, chumvi ya kawaida hupoteza nguvu, na barabara iliyotiwa chumvi inaweza kuwa kioo vilevile. Kama kuna kituo cha mafuta au duka lenye kamera karibu, omba siku hiyohiyo picha zihifadhiwe, kwa sababu mifumo mingi hufuta na kurekodi upya.

Mtu akiumia, ajali lazima iripotiwe polisi. Usiseme “siumwi kitu” kwa sababu tu una haraka ya kwenda zamu. Shingo na mgongo mara nyingi huanza kuuma kesho yake, na maneno hayo yatabaki kwenye rekodi. Chukua namba ya ripoti. Nakala huombwa baadaye kutoka Driver and Vehicle Services, ofisi ya jimbo ya leseni na usajili wa magari, na waliohusika kwenye ajali wana haki ya kuipata.

Hospitali: mpe karani bima ya gari, si kadi ya afya

Hapa ndipo madai mengi huharibika. Mgonjwa hutoa kadi ya Medical Assistance (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au ya bima ya kazini, hospitali inatuma bili huko, bili inakataliwa au inalipwa kimakosa, na miezi sita baadaye wakusanya madeni wanapiga simu. Baada ya ajali ya gari, bima ya gari ndiyo inayolipa kwanza. Sema wazi kwenye dirisha la usajili kwamba ni ajali ya gari, kisha ukipata namba ya dai ipeleke kwa kila mtoa huduma: hospitali, gari la wagonjwa, daktari wa picha, kliniki ya mazoezi ya viungo. Kila mmoja ana ofisi yake ya bili, na hawaambiani.

Mwambie daktari kila sehemu inayouma, hata ile ndogo. Goti lisilotajwa kwenye rekodi ya wiki ya kwanza ni goti ambalo bima itasema liliumia kwingine.

Kama Kiingereza cha hospitali kinakusumbua, sheria yenyewe, kifungu cha 65B.44, inaweka huduma za ukalimani katika gharama za matibabu zinazolipwa, mradi mkalimani si ndugu wa mgonjwa. Usafiri wa kwenda na kurudi kwenye matibabu nao umo. Weka daftari la tarehe, kliniki na maili, pamoja na risiti za maegesho. Watu wachache hudai pesa hizi, na kwa mtu anayekwenda kliniki mara tatu kwa wiki si haba.

Dai linapelekwa bima ipi?

Angalia kwanza kama una sera ya bima kwa jina lako. Kama huna, bima ya ndugu unayeishi naye nyumba moja ndiyo inayofuata. Kama hakuna, bima ya gari ulilokuwa ndani yake. Kwa hiyo abiria mwenye gari lake nyumbani hudai kwenye bima yake mwenyewe, si ya rafiki aliyekuwa akiendesha, na hilo huzua ugomvi usio na sababu kati ya marafiki.

Gari la kazi hubadilisha mpangilio. Ukiendesha gari ulilopewa na mwajiri, au gari la biashara ya kubeba watu au mizigo, bima ya gari hilo ndiyo inayobeba. Aidha, kama ulikuwa kazini, fidia ya wafanyakazi, yaani bima ya mwajiri kwa wanaoumia kazini, hulipa kwanza, kisha No-Fault inaweza kuziba pengo. Mhudumu wa wagonjwa majumbani anayetoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine yuko kazini. Safari ya kawaida ya kutoka nyumbani kwenda kazini kwa kawaida haihesabiwi. Mpe mwajiri taarifa kwa maandishi ndani ya siku 14. Sheria inavumilia ucheleweshaji kwa masharti, lakini siku 180 ndizo ukingo. Dereva wa teksi za mtandaoni aseme ukweli kama programu ilikuwa imewashwa, maana bima binafsi nyingi haziingii hapo, na kampuni ya programu inatakiwa kisheria kuwa na bima yake.

Asiye na bima yoyote kwenye mlolongo huu hupeleka dai kwenye Assigned Claims Plan, mpango wa jimbo unaompangia kampuni ya kumlipa. Mwenye gari ambaye aliliacha bila bima hapati mlango huu. Kuhusu hati za uhamiaji, sheria ya No-Fault haiziweki kuwa sharti la kulipwa.

Kujaza na kupeleka maombi

Piga simu kwa kampuni ya bima ndani ya siku chache. Mkataba wako unaweza kukuwekea muda wa kutoa taarifa, nao hauruhusiwi kuwa chini ya miezi sita, lakini usisubiri. Omba namba ya dai, jina la afisa wa madai, na fomu ya maombi ya mafao, ambayo kwa kawaida huandikwa Application for Benefits. Omba pia nakala ya ukurasa wa Declarations, unaoorodhesha vipengele na viwango vya bima yako. Hapo tafuta neno moja: stacking. Kama una magari mawili na ulilipia nyongeza hiyo, viwango vya magari hujumlishwa, na dola 20,000 za matibabu zinaweza kuwa 40,000.

Fomu ina kurasa chache tu. Maelezo ya ajali yawe mafupi na ya kweli: “Gari liliteleza kwenye barafu, likagonga ukingo.” Usikadirie mwendo kama hukuuona. Sehemu ya majeraha ndiyo ya kujaza kwa ukamilifu. Ruhusa ya kuangalia rekodi za tiba utaitia saini, lakini soma inarudi nyuma miaka mingapi. Ruhusa isiyo na mipaka hufungua hata mambo yasiyohusiana na ajali.

Kwa mshahara, karatasi mbili hutakiwa: barua ya daktari inayosema huwezi kufanya kazi, ikiwa na tarehe ya kuanza na kuisha, na fomu ya mwajiri inayothibitisha kipato. Malipo ni asilimia 85 ya mshahara kabla ya makato, yasizidi dola 500 kwa wiki. Anayepata dola 520 atalipwa 442. Anayepata 640 angestahili 544, lakini kiwango kinamzuia kwenye 500. Barua ya daktari ikiisha Ijumaa na nyingine ikaandikwa Jumatano, siku zilizo katikati hazilipwi. Hicho ndicho chanzo cha kawaida kabisa cha malalamiko ya “wamenikata.” Aliyejiajiri anaweza kudai gharama ya mtu aliyemwajiri kushika nafasi yake.

Kazi za nyumbani nazo zina fungu: hadi dola 200 kwa wiki kwa kumlipa mtu akufagilie theluji, akupikie au akulelee watoto, ukiacha siku ya ajali na siku 7 zinazofuata. Andika jina la msaidizi, tarehe, saa na kiasi. Anayeshinda nyumbani akiitunza familia muda wote anaweza kudai thamani ya kazi hiyo hata kama hakumlipa mtu.

Bima ikishapokea uthibitisho wa kutosha ina siku 30 kulipa. Ikipitisha, riba ni asilimia 15 kwa mwaka. Tuma kila kitu kwa njia inayoacha alama ya tarehe.

Wakisema umeshapona

Bima ina haki ya kukupeleka kwa daktari iliyemchagua yenyewe. Nenda, kukataa bila sababu hukupotezea mafao. Lakini uchunguzi unatakiwa kufanyika katika mji unaoishi au mahali pa karibu zaidi, na ukiomba nakala ya ripoti, unapewa. Mara nyingi barua ya kusitisha malipo hufuata ripoti hiyo. Dai lisilozidi dola 10,000 huenda kwa msuluhishi chini ya shirika la usuluhishi la American Arbitration Association, si mahakamani, na daktari wako anayekutibu aombwe kuandika kwa nini matibabu bado yanahitajika. Bila barua yake, msuluhishi anabaki na ripoti ya upande mmoja.

Kama mwingine ndiye aliyekugonga

“Kulikuwa na barafu” si kinga. Sheria ya Minnesota inamtaka dereva apunguze mwendo kulingana na hali ya hewa na barabara, hata kama kibao kinaruhusu maili 70. Ili umdai fidia ya maumivu, lazima uvuke kizingiti: gharama za tiba zaidi ya dola 4,000, bila kuhesabu picha za eksirei za uchunguzi, au jeraha au kovu la kudumu, au kushindwa shughuli zako kwa siku 60 au zaidi. Ukiwa na makosa sawa naye, nusu kwa nusu, bado unadai nusu. Ukimzidi, hupati kitu kwake. Katika ajali ya magari mengi, kosa lako hulinganishwa na la kila mdaiwa peke yake, ndiyo maana picha zinazoonyesha nani aligonga wa kwanza zina thamani kubwa.

Afisa wa bima ya huyo mwingine atakupigia mapema akitaka kukurekodi. Bima yako una wajibu wa kushirikiana nayo. Ya kwake huna. Kifungu cha 602.01 kinayachukulia maelezo yaliyochukuliwa kwa majeruhi ndani ya siku 30 kuwa ya hila mpaka ithibitishwe vinginevyo. Naye anayekujia bila kuitwa, akitaka kukupeleka kwa kliniki au wakili fulani, huenda analipwa kwa kila mtu anayempeleka. Biashara hiyo ni kosa la jinai Minnesota.

Kuidai serikali kwa barabara ambayo haikutiwa chumvi ni vigumu sana, kwa sababu jimbo na miji vina kinga dhidi ya madai ya theluji na barafu ya kawaida. Mlango hubaki wazi pale mtumishi wao alipoisababisha barafu hiyo kwa uzembe. Taarifa ya maandishi itolewe ndani ya siku 180.

Kiwango cha chini cha bima ya dereva mwingine ni dola 30,000 kwa mtu mmoja, na jeraha baya hukimaliza haraka. Pengo huzibwa na kipengele cha Underinsured kwenye bima yako, kinacholipa pale bima ya aliyekugonga isipotosha. Ila kabla ya kusaini makubaliano na bima ya mwenzako, ipe ya kwako taarifa ya maandishi ya siku 30. Ukisaini kwanza, unaweza kupoteza fungu hilo lote.

Muda wa kushtaki kwa uzembe ni miaka 6, na kwa kifo miaka 3 tangu siku ya kifo. Kesi huku huanza mdaiwa anapokabidhiwa hati ya wito, hata kabla jalada halijafika mahakamani. Jalada lisipofunguliwa ndani ya mwaka 1 tangu makabidhiano hayo, kesi imefutwa.