Jinsi ya kuchagua vipimo vya timu ya wahandisi wa mauzo

Mwongozo huu ni wa anayesimamia wahandisi wa mauzo: wale wanaoingia na afisa mauzo kwa mteja, wakaonyesha mfumo, wakajibu maswali magumu, wakaandaa sehemu ya kiufundi ya zabuni na kusimamia majaribio kabla mkataba haujasainiwa. Mifano yangu inatoka kwenye mifumo ya fedha ya SACCOS kwa sababu ndiko ninakoshinda, lakini hatua ni zilezile ukiuza vifaa vya hospitali au umeme wa jua.

Ugumu wa timu hii ni kwamba yenyewe haifungi dili wala haipokei hela. Bosi akiuliza "hawa watu watano wanatuletea nini?", jibu la haraka huwa idadi ya demo, yaani mara walizomwonyesha mteja mfumo. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo kibovu kuliko vyote. Demo 40 kwa mwezi zinaweza kumaanisha timu inachapa kazi, au inaburutwa kila mahali na afisa mauzo asiyejua kumkagua mteja. Namba yenyewe haikuambii ni lipi kati ya hayo.

Hatua ya 1: Anza na uamuzi

Andika maamuzi unayoyafanya kila robo mwaka: kuajiri mtu wa sita au kusubiri, dili zipi zikataliwe mapema, nani apelekwe mafunzo, kipengele gani kidaiwe kwa watengeneza programu. Halafu kila kipimo unachokifikiria kiulizie swali moja: kikishuka kwa nusu, Jumatatu nitafanya nini ambacho nisingekifanya? Kama jibu ni "nitakiweka kwenye ripoti", kifute. Ukibaki na vitatu au vinne vinatosha.

Hatua ya 2: Tenganisha ushindi wa kiufundi na dili lililofungwa

Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Dili hufa kwa mambo mengi ambayo mhandisi hayagusi: bajeti imekatwa, mkutano mkuu umechagua bodi mpya, mshindani ameshusha bei. Kumpima kwa mauzo yaliyofungwa peke yake ni kumhukumu kwa kesi isiyo yake. Kwa hiyo pimeni ushindi wa kiufundi, na maana yake iandikwe ili watu wasibishane kila mwisho wa mwezi. Sisi tunasema hivi: mtu mwenye kauli upande wa mteja amethibitisha kwa maandishi kwamba mfumo unakidhi mahitaji yao, kabla mazungumzo ya bei hayajaisha. Barua pepe inatosha, hata ujumbe wa WhatsApp. Kauli ya afisa mauzo kwamba "waliupenda sana" haihesabiwi.

Zabuni za bahasha mbili zimeshatufanyia kazi hii. Bahasha ya kiufundi hufunguliwa kwanza, na asiyefikisha alama za chini bei yake haifunguliwi. Bei yenu ikifunguliwa, andikeni ushindi wa kiufundi.

Mwenye kauli ni nani? Kwenye SACCOS, mara nyingi si meneja aliyewaalika. Ni mhasibu mkuu aliyekaa pembeni kimya muda wote, halafu mwishoni anaomba kitu kimoja: "Nionyeshe mwanachama aliyechelewesha marejesho miezi miwili, mkopo tukaupanga upya, kisha akalipa nusu ya rejesho kwa simu. Riba inasomekaje?" Demo nzima iko ndani ya swali hilo. Mhandisi akiingiza mkopo huo palepale, kwa riba ya salio linalopungua (inayohesabiwa kwenye deni lililobaki tu), na taarifa ya mwanachama ikalingana na kikokotoo cha mhasibu, sasa ombeni uthibitisho wa maandishi. Akisema "hilo tutalifanyia kazi", ushindi bado haujapatikana, hata kama chumba kizima kilipiga makofi.

Sasa tazama faida yake. Tuseme robo iliyopita dili 20 zilifika mwisho na mkafunga 7. Kama 16 zilikuwa na ushindi wa kiufundi, na zile 7 zimo humo, basi dili 9 zilipotea wakati mteja ameshauridhia mfumo. Hiyo ni ajenda ya kukaa na mkuu wa mauzo kuhusu bei na ufuatiliaji. Kama ushindi wa kiufundi ulikuwa 8 tu, shida iko kwenye demo, kwenye bidhaa, au mnapelekwa kwa wateja msiowafaa. Mauzo ni yaleyale 7, ila kikao cha kuitisha si kimoja.

Hatua ya 3: Jua siku zinakokwenda

Usiwalazimishe watu kujaza saa na dakika, watakujazia uongo Ijumaa jioni. Nusu siku kwa kila dili inatosha, kwenye Excel ya kawaida. Unachotafuta ni sehemu ya siku za timu iliyoishia kwenye dili ambazo mteja hakuwahi kuwa na bajeti au tarehe ya kuamua. Sehemu hiyo ikiwa kubwa, usiajiri kwanza. Weka sharti kwamba hakuna jaribio la wiki mbili mpaka mteja ataje nani ataamua na lini.

Hatua ya 4: Kila kipimo kipe mlinzi

Mwaka 1975 mchumi wa Uingereza Charles Goodhart, akizungumzia sera ya fedha, alieleza kwamba uhusiano wa kitakwimu huelekea kuvunjika pale unapotumika kudhibiti mambo. Kwenye timu ndogo utaliona hilo mapema. Ukisifia ushindi wa kiufundi, watu wataanza kukwepa dili ngumu, kwa hiyo kiwekee mlinzi, yaani kipimo cha pili kinachofichua ujanja huo: hesabu pia dili walizokataa na sababu zake.

Mlinzi ninayempenda zaidi yuko kwa wenzetu wanaofunga mfumo baada ya mkataba. Miezi mitatu baada ya kuanza, waulize: ni mambo mangapi mteja alidai aliahidiwa kwenye demo, nanyi hamkuyakuta kwenye mkataba? Mhandisi anayeshinda kila chumba kwa kusema "ndiyo" ataonekana hapo, na hutampata kwa njia nyingine.

Hatua ya 5: Jaribu kwa dili za nyuma

Kabla ya kutangaza chochote, chukua dili za robo iliyopita uzijaze kwa mkono. Mara nyingi utagundua nusu ya taarifa haipo, kwa mfano sababu ya kupoteza imeandikwa "bei" kila mahali. (Mteja husema bei kwa sababu ndilo jibu la heshima.) Rekebisha fomu kwanza.

Hatua ya 6: Usikimbilie bonasi

Mwenye dili nne kwa robo, dili moja tu linahamisha kiwango chake cha ushindi kwa asilimia 25. Huwezi kumlinganisha na mwenzake kwa namba hiyo, sembuse kumkata bonasi. Soma vipimo kwa timu nzima, angalau robo mbili mfululizo. Kwa mtu mmoja mmoja, kaa naye kwenye demo mbili umsikilize mwenyewe, hasa pale mhasibu anapouliza swali lake.