Somo: Je, maji huteleza kwenye ukuta wa bomba?

Zima panga boi lililozunguka mwezi mzima, kisha pitisha kidole juu ya bapa lake: utakuta vumbi limeganda. Upepo uleule unaotawanya karatasi mezani umeshindwa kulipeperusha, kwa sababu hewa inayogusana na bapa huzunguka pamoja nalo bila kuteleza. Wahandisi huichukulia hali hiyo kuwa kanuni, nasi leo tutapima mahali inapolegea.

Hatua ya 1. Chora ukuta, kisha chora mishale ya kasi ya maji karibu nao, ikirefuka kadiri unavyouacha ukuta. Unganisha ncha zake kwa rula.

Hatua ya 2. Ikiwa mshale unaogusa ukuta nao una urefu, maji yanateleza. Endeleza mstari wako hadi ndani ya ukuta, pale kasi inapofika sifuri. Kina hicho ndicho urefu wa mtelezo, wazo lililotokana na Mfaransa Claude-Louis Navier mwaka 1823.

Hatua ya 3. Piga hesabu, maana hapa ndipo wengi hukurupuka. Katika bomba la mviringo, nyongeza ya mtiririko ni mara nne ya urefu wa mtelezo, ikigawanywa kwa nusukipenyo. Tuchukue nanometa 20 (nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita), kiasi cha kawaida kwa maji juu ya uso laini unaoyakataa. Bomba lenye nusukipenyo cha milimita 10 litaongeza sehemu 8 katika milioni, ambazo mita ya maji haizioni kabisa, ilhali kijibomba chenye nusukipenyo cha nanometa 100 kitaongeza asilimia 80.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Mbona tone hukimbia juu ya jani la gimbi?
Marahaba. Jani hilo lina vinundu vidogo vyenye nta, na hewa hunaswa kati yake, hivyo sehemu kubwa ya tone hukalia hewa. Hata hivyo tone hubingirika zaidi ya kuteleza, usilifanye ushahidi.

Nikipaka nta ndani ya bomba la nyumbani, maji yataongezeka?
Hapana. Rudia hatua ya 3.

Na gesi je?
Kwa gesi, kama alivyoonyesha mwanafizikia James Clerk Maxwell mwaka 1879, urefu wa mtelezo hukaribiana na umbali ambao molekuli husafiri kwa wastani kabla ya kugonga nyingine. Katika hewa tunayovuta ni takriban nanometa 70, lakini pampu ikiiondoa hewa chomboni umbali huo hurefuka hadi milimita na zaidi, na hapo hata bomba nene huwa jembamba.