DVR, NVR au kompyuta? Namna ya kuchagua pa kurekodia CCTV za duka

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lenye stoo nyuma: kamera 8 za megapikseli 4, mwenye duka anataka rekodi za siku 30, na umeme wa mtaa unakatika mara kwa mara. Picha zirekodiwe kwenye mashine maalumu (DVR kwa kamera za waya wa koaksi, NVR kwa kamera za IP, yaani za mtandao), au kwenye kompyuta iliyowekewa programu ya kurekodi? Kwa duka la namna hii weka mashine, labda uwe na sababu mojawapo ya zilizo kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 1: Tazama waya uliopo

Kama jengo lina koaksi (waya kama wa antena ya TV) iliyokwishavutwa, ile ya RG59 yenye vichwa vya BNC, usihangaike: nunua DVR. Kompyuta haina pa kuchomeka waya huo bila kadi maalumu, na kadi hizo ni kero, maana draiva zake hukwama Windows inapobadilika toleo. DVR nyingi za sasa hupokea pia kamera chache za IP, kwa hiyo unaweza kuongeza mbili tatu baadaye.

Kama ndiyo unaanza, vuta Cat6 (waya wa mtandao) na uweke kamera za IP zinazopata umeme kwa waya huohuo (PoE). Mwisho ni mita 100 kutoka swichi ya mtandao hadi kamera. Waya uwe wa shaba tupu. Maboksi ya bei ya chini mno mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani, rudisha. Tatizo lake halionekani mchana. Usiku taa za infraredi zikiwaka kamera inadai wati zaidi, umeme unaoifikia unapungua njiani, nayo inazima na kuwaka, inazima na kuwaka hadi alfajiri. Fundi anabadilisha kamera, kumbe ugonjwa uko kwenye waya.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya diski kabla ya kutaja bei

Kila Mbps 1 (megabiti kwa sekunde) inayorekodiwa mfululizo hula GB 10.8 kwa siku. Kamera ya megapikseli 4 kwa fremu 15 kwa sekunde huhitaji takriban Mbps 4 kwa H.264, na karibu nusu yake kwa H.265, njia mpya zaidi ya kubana video.

H.264: 4 × 10.8 × kamera 8 × siku 30 = GB 10,368, yaani zaidi ya TB 10.
H.265: nusu yake, kama TB 5.2. Diski moja ya TB 6 inatosha.

Kurekodi pale tu panapotokea mjongeo huokoa nafasi, lakini mara nyingi hukata sekunde za mwanzo, na hizo ndizo zinazoonyesha mtu alipita wapi. Diski ikitosha, rekodi saa 24.

Nunua diski iliyotengenezwa kwa CCTV, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Diski ya kawaida ya kompyuta haikukusudiwa kuandika usiku na mchana bila kupumzika. Ikigonga sehemu mbovu hung'ang'ania kuisoma tena na tena, na muda huo kurekodi kunasimama. Kosa hili ni lilelile kwa mashine na kwa kompyuta.

Hatua ya 3: Pima umeme

Hapa ndipo kompyuta nyingi hushindwa. NVR ya chaneli 8 yenye diski moja hula kama wati 15. Kompyuta ya ofisini ya mtumba, ikichakata kamera 8, hesabu wati 65. Ikiwa na kadi ya grafiki, zaidi. Kwa siku 30 hiyo ni yuniti 10.8 dhidi ya 46.8, na LUKU haisamehe.

UPS ya 650VA yenye betri moja ya volti 12, 7Ah, ina Wh 84 kwenye karatasi. Ikitoa umeme kwa haraka, na hasara ya kugeuza ikiondolewa, hesabu nusu. Kamera 8 za wati 6 ni wati 48. Ukiwa na NVR mzigo ni wati 63, unapata kama dakika 40. Ukiwa na kompyuta ni wati 113, dakika 22 hivi, monita ikiwa imezimwa. Ukitumia swichi ya PoE ya pembeni, iwe kwenye UPS pia. Kuna maduka ambayo mashine iko kwenye UPS na swichi iko ukutani: umeme ukikatika wanarekodi skrini nyeusi.

UPS ikiisha, NVR huzimika na kuwaka yenyewe umeme ukirudi. Kompyuta husubiri mtu abonyeze kitufe, mpaka uingie BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla ya Windows kuwaka) na kuweka «Restore on AC Power Loss» kuwa «Power On».

Hatua ya 4: Jiulize kama una sababu ya kompyuta

Sababu zenye uzito ni hizi: kamera za kampuni tofauti ambazo mashine moja haizipokei vizuri; haja ya kutambua watu na magari kwa usahihi kuliko mashine ya bei ya kawaida; diski nyingi kuliko nafasi za kwenye NVR; au mfumo utakaokua kupita kamera 16. Na juu ya yote, awepo mtu wa kuitunza. Asipokuwepo, achana nayo. Unafuu wa bei ya kompyuta ya mtumba huliwa na fundi anayeitwa kila mwezi.

Programu zipo. Blue Iris ni ya Windows na ni ya kulipia. ZoneMinder na Frigate ni za bure na huendeshwa kwenye Linux. Frigate ndiyo kali zaidi kwa kutambua watu. Milestone XProtect Essential+ ni ya bure hadi kamera 8.

Si lazima uchague kimoja. Acha NVR irekodi, halafu kompyuta ndogo ichukue picha kutoka kwenye NVR kwa RTSP (njia ya kupeleka video kwenye mtandao) na kufanya kazi ya kutambua tu. Ikizimika, rekodi haipotei. Kwa Hikvision anwani huwa hivi:

rtsp://jina:nywila@IP-ya-NVR:554/Streaming/Channels/102

101 ni kamera ya kwanza, mkondo mkuu (picha ya ubora kamili). 102 ni mkondo mdogo (picha ya ubora wa chini) wa kamera hiyohiyo. 201 ni kamera ya pili. Kamera zilizochomekwa nyuma ya NVR yenye PoE hukaa kwenye mtandao wake wa ndani, kwa hiyo kompyuta haitaziona moja kwa moja. Pitia kwenye NVR.

Hatua ya 5: Ukichagua kompyuta

- Intel Core i5 ya jenereshi ya 6 au zaidi, RAM GB 8 hadi 16. Jenereshi hizo hufungua H.265 kwa chipu yake ya grafiki. Za nyuma huibebesha prosesa kuu yote.
- SSD ya mfumo, na diski ya CCTV peke yake kwa video. Acha asilimia 5 hadi 10 wazi.
- Mkondo mkuu wa kurekodi, mkondo mdogo wa kutazama na kutambua mjongeo. Kosa hapa tu laweza kupeleka CPU 100%.
- Zima H.265+ (ubanaji wa ziada wa Hikvision) kwenye kamera. Hupunguza picha kamili zinazotumwa, programu nyingi huchelewa kufungua au hukosa mwanzo wa tukio.
- Zima kulala, na panga masasisho ya Windows yasiiwashe upya usiku wa manane.

Kompyuta hiyo isitumike kutolea risiti wala kuchomekwa flashi za muziki za vijana wa kaunta.

Hatua ya 6: Ukichagua NVR, soma karatasi ya vipimo

Angalia Mbps inazoweza kupokea kwa jumla (kamera 8 × Mbps 4 ni 32), ukubwa wa juu wa diski inayokubali, na jumla ya wati za PoE kwa milango yote pamoja. Mlango mmoja wa 802.3af (kiwango cha kawaida cha PoE) hutoa hadi wati 15.4, lakini hiyo haina maana yote 8 itatoa hivyo kwa pamoja. Kama kuna dalili ya kuongeza kamera, nunua chaneli 16 sasa.

Hatua ya 7: Saa, nywila, maficho

Mashine nyingi hufika zikiwa GMT+8, yaani saa tano mbele yetu. Weka GMT+3 na uwashe NTP, ili saa ijirekebishe kwa mtandao. Mfundishe pia mwenye duka kusoma saa ya mashine: tukio la saa nane na robo usiku atalikuta 02:15, wala asilitafute 08:15.

Badilisha nywila ya kiwandani siku hiyohiyo, na usifungue milango ya rauta (port forwarding) kuelekea intaneti. Kirusi cha Mirai mwaka 2016 kiliteka DVR na kamera kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani. Kutazama ukiwa mbali, tumia aplikesheni ya kampuni au VPN (njia ya siri kupitia intaneti) kama WireGuard.

Monita ikae kaunta, mashine ikae kwingine, kwenye kabati la chuma lenye kufuli na matundu ya hewa. Mwizi hubeba boksi lililo chini ya skrini.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kukabidhi

Zima swichi kuu na uhesabu dakika UPS inazobeba. Ikiisha, washa umeme bila kugusa kitu kingine na uone kama kurekodi kumeanza. Kesho yake toa dakika tano za jana usiku kwenye flashi, uzifungue kwenye kompyuta nyingine. Zikitoka kwa fomati inayodai programu ya kampuni, geuza ziwe MP4, au weka programu hiyo kwenye flashi ileile, kwa sababu kituo cha polisi hawatakuwa nayo.