Jinsi ya Kuandaa Usiku wa Video za Roki na Hevi Metali Nyumbani Dar es Salaam

Tarehe 18 Aprili 1987, MTV ya Marekani ilianza kurusha Headbangers Ball, kipindi cha video za roki nzito na hevi metali kilichowekwa usiku wa manane wa kuamkia Jumapili, na kikadumu hadi mwaka 1995. Mwezi huohuo ABC ya Australia ilianzisha Rage, kipindi cha usiku kucha ambacho hakikujifunga kwenye metali peke yake na ambacho kingali kinaruka. Saa sita usiku ya New York ni saa moja au saa mbili asubuhi hapa Dar es Salaam, kutegemea majira ya huko, yaani wakati ambapo watu wanakwenda kanisani. Kwa hiyo anayetaka kuonja hali ya vipindi vile akiwa hapa hana budi kuutengeneza usiku wake mwenyewe.

Panga saa mbili, kuanzia saa tano usiku wa Jumamosi, na uchague video zipatazo 20, kwa kuwa nyingi huchukua dakika nne au tano na maelezo nayo yanahitaji nafasi. Mpangilio ndio kazi yenyewe. Mimi hufungua na Queen, bendi ya Uingereza, kwa sababu mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na video ya “Bohemian Rhapsody” ya mwaka 1975 iliitangulia MTV kwa miaka sita. Hata mgeni asiyeujua muziki huu hupata pa kushika. Baada ya hapo weka roki yenye kiitikio chepesi, kisha uongeze uzito hatua kwa hatua. Katikati ya usiku ndipo mahali pa Metallica, bendi iliyoundwa mwaka 1981 lakini haikutoa video ya wimbo wake hata mmoja hadi “One” mwaka 1989. Wafuatishe Sepultura wa Brazil, ambao katika albamu yao ya mwaka 1996 waliingiza ngoma za nchini kwao, kwani sikio lililolelewa na ngoma huwaelewa upesi. Saa ya mwisho waachie Skinflint na Overthrust wa Botswana, ili asitokee wa kusema kwamba metali haijafika Afrika.

Usiziache video zifuatane kimya kimya. Vipindi vya metali vya MTV vilikuwa na mtangazaji: mwaka 1985 Dee Snider, mwimbaji wa Twisted Sister, aliongoza Heavy Metal Mania kwenye MTV, na kuanzia mwaka 1990 Riki Rachtman akawa sura ya Headbangers Ball. Mteue mmoja wenu aseme sentensi mbili tatu kabla ya kila video: bendi inatoka wapi, albamu ni ya mwaka gani, na jambo gani la kutazama. Akizidisha hapo atawachosha, hasa kama ndiye shabiki mkubwa kuliko wote chumbani.

Pakua video mapema kupitia huduma inayoruhusu, usije ukategemea bando linaloweza kuisha katikati ya solo ya gitaa, na uangalie LUKU kabla wageni hawajafika. Video za miaka ya 1980 zilitengenezwa kwa runinga za uwiano wa 4 kwa 3. Runinga ya leo ikiachwa ijaze kioo kizima, waimbaji wote wataonekana wanene, basi ingia kwenye mipangilio ya picha uurudishe uwiano huo. Zisikilize zote mchana vilevile, kwa maana sauti hupishana sana kati ya video moja na nyingine, na ile inayopiga kelele ghafla ndiyo itakayomwamsha jirani.

Kuhusu jirani, mwarifu siku mbili kabla. Kwenye nyumba za kupanga ambazo vyumba vinatenganishwa na ukuta mmoja tu, besi hupenya hata pale ambapo maneno hayasikiki, kwa hiyo punguza besi kwanza, ndipo upunguze sauti yote, na spika usiiweke sakafuni wala usiiegemeze ukutani. Ikifika saa saba usiku zima spika. Waliobaki wanaweza kuendelea kwa visikilizaji vya masikioni, huku wakimsubiri bodaboda.