Mtoe mzazi wako kitini, mkatembee

Kama una mzazi aliyestaafu na siku nzima anakaa tu, mtoe mkatembee. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa watu 120 wenye umri wa miaka 55 hadi 80, wasiokuwa na mazoea ya mazoezi. Nusu yao walitembea kwa mwaka mzima, nusu wakanyoosha viungo tu. Waliotembea, hipokampasi yao, yaani sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu mpya, ilikua kwa asilimia 2 hivi. Ya wenzao ilisinyaa kwa asilimia 1.4. Kwa umri huo kusinyaa ndiyo kawaida, ndiyo maana matokeo haya yananipa moyo sana.

Hawakukimbia. Walianza na dakika 10, wakaongeza 5 kila wiki hadi kufika 40, mara 3 kwa wiki. Mwendo uwe wa haraka kiasi cha kupandisha pumzi, ila mazungumzo yasikatike. Hawa hawakuwa wagonjwa wa kusahau, kwa hiyo usiyachukue kama dawa. Na mwenye presha au matatizo ya moyo amwone daktari kwanza.